Walipokuja Kupimwa Presha

Kwako Baba Jarso,

Assalamu alaykum. Jarso amepona kikohozi, na hapa Takaba mvua imenyesha kiasi cha kuotesha majani. Mbuzi wawili wamezaa.

Lile kundi la kina mama alilolianzisha mama yako lilikuwa limeshika. Kila asubuhi tulitembea naye mpaka kisimani, na nyumba nyingi zilipunguza sukari kwenye chai kwa kuuogopa ulimi wake. Mimi niliwapima presha kwa ile mashine ya zahanati, na wenye presha ya juu niliwapeleka huko wakapewa dawa. Lakini dawa zilikwisha kabla ya Ramadhani, na kila tukiuliza tunaambiwa tusubiri.

Nimechelewa kukuambia. Ijumaa mama yako alianguka akikamua mbuzi. Upande wa kulia umepooza, na hawezi kusema. Tangu dawa ziishe nilikuwa nikimpima, nikaona presha yake inapanda tu. Nilitaka kukuandikia, akanikataza. "Usimsumbue mwanangu Dida," alisema. "Akiwa huko mbali atafanya nini?"

Leo kina mama wamekuja kama kawaida, wakaketi mkekani na kuninyooshea mikono. Nikawaambia mashine imeharibika. Haijaharibika, ila sikuweza kumsomea mtu mwingine namba ambayo sina dawa yake. Walinitazama, wakashusha mikono ya nguo zao, wakaondoka.

Njoo ukiweza, mama yako angali anageuza macho nikitaja jina lako.

Ni mimi mkeo,
Qabale