Nyumba Zisizokuwamo Mkebeni

Baba,

"Kijiji hiki ni migomba na makaburi. Watu wake wako Dar es Salaam."

Maneno hayo si yangu, usinikunjie uso huko uliko. Ni ya afisa mmoja aliyetumwa kutupima. Aliyasema akiwa amesimama kwenye barabara ya chini, mbele ya ghala la kahawa, viatu vyake havijagusa hata tope letu. Alitazama juu, akaona kijani, akahukumu. Kweli, kutoka barabarani huoni nyumba hata moja. Migomba imeficha. Lakini angepanda hatua hamsini tu angesikia ng'ombe wakilalamika mabandani, redio tatu zikishindana, na Mama akimgombeza kuku kwa jina lake.

Wewe ungemjibu kwa upole. Mimi nilimjibu kama unavyonijua.

Nilimwambia kijiji chetu hakikukaa kama vile vya kwenye vitabu, nyumba zikiuzunguka uwanja. Kimejinyoosha juu ya mgongo mmoja wa mlima, korongo kushoto, korongo kulia, kichwa msituni, miguu barabarani. Ukidondosha kibuyu kwa Mzee Anaeli kule juu, utakiokota kwa mpwa wake huku chini. Kinachotufunga pamoja ni mfongo, mfereji waliouchimba babu zako kuyatoa maji mtoni na kuyapitisha kihamba baada ya kihamba, kila ukoo na shamba lake. Anayekunywa maji ya mfongo wetu ni wa kwetu, asiyekunywa ni jirani. Hiyo ndiyo ramani. Ulinifundisha kabla sijajua kusoma, na tangu hapo nimesoma vitabu vingi, sijakutana na kilichokupinga.

Afisa alisema yeye hakuja kusikiliza hotuba, anataka orodha ya kaya. Zikiwa chache, tutaunganishwa na kijiji cha ng'ambo ya korongo, na shule yetu ya msingi itahamia huko. Unalijua lile daraja la magogo, Baba. Unajua linavyokuwa wakati wa masika. Watoto wa darasa la kwanza walivuke kila asubuhi, kisa kuna bwana mmoja hapendi kupanda mlima!

Hapo Mzee Anaeli, aliyeupokea uangalizi wa mfongo baada yako, akanyanyua mkono. "Orodha ipo! Ipo tangu enzi za babu zetu!" Akaenda kwake, akarudi na mkebe wako wa maziwa ya unga, ule wa vijiti vya mkahawa: kijiti kimoja kwa kila nyumba inayotoa jembe siku ya kusafisha mfongo. Alivyoubeba kwa mikono miwili ungedhani ni ekaristi, naye Mlutheri.

Wakahesabu mbele ya watu wote. Vijiti havikutosha.

Wakahesabu tena, polepole, kana kwamba vingeona haya viongezeke. Wapi. Afisa akafunga kalamu yake, akatabasamu. Sijawahi kuchukia meno ya mtu kiasi kile.

Lakini mimi nilikuwa nimeshajua kasoro iko wapi, kwa sababu nilikuwa nikitafuta kijiti kimoja tu. Chako. Hakikuwamo. Walikitoa wiki ile ile ya kukuzika, hata maua ya kaburini hayajanyauka, maana nyumba isiyo na mwanamume haitoi jembe, na isiyotoa jembe haina kijiti. Kaka zangu wako Mwanza na Dar wanauza mitumba. Nyumbani tumebaki Mama na mimi, tangu kiwanda nilichofanyia kazi mjini kilipouzwa nikapunguzwa, nikafunga chumba changu cha Njoro nikarudi. Tunapika, tunakamua, tunachuma kahawa, tunakunywa maji yale yale. Mkebeni hatumo. Mama Fausta mjane hamo, na wajukuu wake wote. Bibi Eliaichi hamo, na moto wake ndio wa kwanza kuwashwa hapa kila alfajiri. Afisa alikuja kusema hatuna watu, akakuta tumeshamsaidia kulisema, miaka na miaka.

Na aliyelishika sharti hilo kwa nguvu kuliko wote ni wewe, Baba.

Niache nilimalize. Nilikuwa mdogo, nimekuletea kiburu, ndizi na maharage, kwenye bakuli siku ya kusafisha, nikasimamishwa kwenye lile jiwe kubwa. Wavulana walipita. Mimi nikaambiwa, "Wewe ishia hapo." Ukashuka mwenyewe, umejaa matope mpaka kwenye nyusi, ukapokea bakuli, ukanipaka tope puani tukacheka. Ukasema, "Jembe la mwanamke hukausha mfongo, binti yangu." Ukarudi juu. Nilikupenda sana siku ile. Na ulikosea. Yote mawili nayabeba, sijui kuyatenganisha, na siku hizi nimeacha kujaribu.

Basi nikasimama mkutanoni. Nikasema watu wapo, ila wamehesabiwa na vipofu. Mzee Anaeli akageuka. "Wewe Dafrosa, ni mdomo huo huo uliokuondoa kiwandani!"

"Shikamoo, meku," nikamjibu, kwa heshima ya mzee. "Kiwanda kimekufa, mdomo upo."

Wanawake walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Nikamwomba afisa siku chache. Nikasema tutasafisha mfongo, na safari hii kila jiko linalokunywa maji yake litatoa jembe, awe nalo bibi, binti au mjukuu. Aje ahesabu majembe mwenyewe. Nadhani alikubali ili apate kuondoka.

Laiti ungeiona siku hiyo!

Walitoka, Baba. Walitoka migombani kama siafu baada ya mvua. Sikujua tuko wengi hivyo, na mimi ndiye niliyekuwa nikipiga kelele kwamba tuko wengi. Mama Fausta na beleshi la marehemu mumewe. Bibi Eliaichi na kijijembe cha kupalilia maua, akidai kwamba hata huko mbinguni atakwenda nacho. Wakatoliki juu, Walutheri chini, wakishindana kuimba, na matope hayakuuliza nani ni wa parokia gani. Mama alifunga kanga yako ya msiba kiunoni, akalipita lile jiwe bila hata kulitazama. Mimi ndiye niliyesimama pale. Nilisimama kidogo tu. Kisha nikapita.

Mzee Anaeli alikuwa mbele kwenye banio, pale maji ya mto yanapoingia mfongoni, anachimba kwa hasira. Tulipomkaribia akaacha jembe, akapanda ukingoni kwenye mpaka wa kihamba chake, akakata jani la isale. Unajua isale ya kuombea msamaha ikiletwa haikataliwi, hata kama aliyekosa alikumwagia damu. Akashuka nalo, mzee wa watu, mpaka majini, akampa Mama kwa mikono miwili. "Nilikitoa kijiti cha mume wako. Nisamehe."

Mama akalipokea, akalichomeka kwenye kilemba chake. "Nimesamehe. Sasa sogea, unaziba maji."

Baba, kicheko kile! Mlima nao ulicheka. Na maji yalipokuja, yalikuja mazito, ya kahawia, yakisukuma majani, kisha yakatakata, na hayakukauka. Nakuapia hayakukauka. Yalifika mpaka nyumba ya mwisho barabarani, ambako hayakufika tangu ulipoanza kuugua tukakushusha hospitali ya Mawenzi.

Afisa alikuja na viatu vyake. Safari hii alipanda. Alihesabu majembe mpaka akaomba maji ya kunywa, tukampa mbege, pombe yetu ya ndizi. Kijiji kimebaki kijiji, shule imebaki ilipo. Jana nilisikia watoto wakiimba jedwali la kuzidisha, nikalia kama mjinga, kwa furaha.

Habari nyingine ni ndogo ndogo. Wanunuzi wa kahawa wenye magari yao wanapita kila wiki wakijifanya rafiki zetu. Mzee Anaeli ameng'oa nusu ya mikahawa yake, kapanda nyanya, nami nimeshamgombeza. Ng'ombe amezaa jike. Kaka wanakuja Krismasi, na nimewaambia waje na mabeleshi.

Lala salama, mzee wangu. Kipande chako cha mfongo, kutoka kwetu mpaka kwa Mama Fausta, nitakisafisha kila mwaka kwa mkono wangu mpaka mkono ukatae. Hiyo ni ahadi.

Nakala ya barua hii naibandika kwenye mlango wa ghala la kahawa, kwa hiyo sasa nasema na ninyi mlio hai: wewe Mzee Anaeli, na ninyi wazee wenzake wanne mnaogawa zamu za maji. Vijiti vyetu mmevirudisha, asanteni. Lakini Jumapili hii, mkikaa kugawa zamu, wekeni kigoda cha sita, na Mama akikalie. Msiulizane kama anaweza. Maji mliyonawia uso asubuhi hii, njia yake kaizibua yeye.