Karatasi ya Pili Isome Peke Yako

Chumba namba 14,
Ghorofa ya tatu, juu ya duka la viatu.
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa dada,

Salamu nyingi kutoka kwa mdogo wako, fundi. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto, na kwamba mguu wa mama umepungua kuvimba. Usinijibu "anaendelea vizuri" kama unavyosema kwenye simu. Niambie kama anashuka ngazi mwenyewe au anashikwa mkono, na kama bado anaficha vidonge chini ya mto akidhani hamumwoni. Mimi ni mzima wa mwili. Kile kikohozi kimekwisha, nakula, nalala, na nywele zimeanza kunikimbia kwa mbele kama zilivyomkimbia marehemu baba.

Kazi ipo. Bado niko chumba cha chini cha duka la dobi, nyuma ya mashine za kupigia pasi, napunguza suruali na kubadilisha zipu. Watu wa huku wanakonda na kunenepa kila msimu, kwa hiyo sikosi cha kushona. Wenzangu wawili hushona wameziba masikio wakisikiliza mambo yao, basi kutwa nzima nasikia cherehani tu. Kuna sanamu moja la kupimia makoti, nimelibatiza Shemeji, kwa sababu lina kifua kipana, halina kichwa, na halijibu likiulizwa. Mwambie mumeo natania, lakini si sana.

Karatasi ya kwanza inaishia hapa. Najua unavyowasomea barua zangu: mama kitandani, mwanao Kiherehere mlangoni, nawe unapaza sauti kama mtangazaji wa redio. Basi waambie fundi anawasalimu, kunja, maliza. Karatasi ya pili isome peke yako, ukiwa umefunga mlango.

Dada, wiki iliyopita nilikupigia nikakwambia mtoto asimpe mtu yeyote vyeti vyake mpaka barua yangu ifike. Ukaniuliza kuna nini, nikasema mtandao mbovu, nikakata. Mtandao ulikuwa mzuri kabisa. Niliona haya. Barua hii nampa jirani yangu mpishi, anayekuja huko likizo, ili ikufikie kabla ya Ijumaa ya tarehe 21, siku ambayo wakala wa Mtaalamu atapita kuchukua pasipoti na vyeti vya uuguzi vya Kiherehere. Asipewe. Hata nakala asipewe.

Mtaalamu unamjua kwa sifa nilizompamba mimi mwenyewe. Wiki yangu ya pili huku nilishikwa na homa, simjui mtu, na yeye ndiye aliyegonga mlango akiwa na chupa ya chai. Aliniita mdogo wangu, kwa lugha yetu, akaniuliza hali ya wazazi hata kabla hajakaa. Nililia, dada. Tangu nifike hakuna aliyekuwa ameniuliza habari za wazazi. Aliposema kazi yake ni kuwashughulikia wageni vibali vya kuishi, sikumwuliza leseni wala ofisi. Ningeanzaje kumdai leseni mtu aliyeniletea chai nikiwa kitandani? Ningeonekana sikulelewa. Akaniwekea fomu tupu, akasema weka saini hapa na hapa, mengine niachie mimi. Nikaweka. Mimi, ambaye sishoni hata kifungo mpaka mteja anionyeshe kwa kidole anapokitaka, nilitia saini karatasi tupu.

Ukapita mwaka na nusu. Kila nikimwuliza kibali kimefikia wapi, anasema faili liko mezani kwa mkubwa. Januari uhamiaji wakaniandikia niende kujieleza, na kuanzia siku hiyo Mtaalamu akawa hapokei simu zangu. Nikaenda ofisi ya msaada wa sheria, iliyo chini ya maktaba, ambako mwanasheria mmoja, mama wa makamo mwenye miwani ya kuning'iniza shingoni, huwasikiliza wageni bure. Swali lake la kwanza lilikuwa kama mshauri wangu ana namba. Namba gani? Kumbe huku sheria inataka kila anayewashauri wageni mambo ya vibali asajiliwe, awe na namba yake, atoe mkataba na risiti, na akivurunda lipo baraza la kumshtaki. Orodha ya majina yao imebandikwa ukutani pale pale uhamiaji, kando ya mtungi wa maji ya kunywa. Nimekunywa maji pale mara sita bila kuinua macho. Tulipokwenda kuisoma pamoja, jina la Mtaalamu halikuwamo.

Kisha akaomba pale nakala ya fomu yangu mwenyewe, akanisomea. Mahali pa ndugu pameandikwa: hana. Mahali pa baba: amefariki, na hilo ni kweli. Mahali pa mama: amefariki. Na tarehe imewekwa, dada. Mtu alikaa mezani na kalamu yake akamchagulia mama yetu siku ya kufa. Mwanasheria akaniuliza kwa upole kama ni kweli sina mtu duniani. Ilikuwa Jumatatu. Jana yake tu mama alikuwa amenipigia, kama kila Jumapili, kuniuliza kama nimekula.

Nilimkuta Mtaalamu kwenye ukumbi tunapokutana Jumamosi sisi watu wa nyumbani. Hakuona aibu hata chembe.

"Mdogo wangu, mtu asiye na mtu ndiye anayehurumiwa haraka," akaniambia. "Mimi nimekusaidia. Nyumbani nani atajua?"

Nikamwambia nitajua mimi. Akacheka, akanipigapiga begani, akaenda kupanga viti.

Nikapiga moyo konde, nikamshtaki. Waliofanyiwa kama mimi nawajua, na si wachache, ila wanaogopa kujitokeza kwa sababu karatasi zao nazo zimejaa uongo. Isitoshe, Mtaalamu ndiye anayezunguka kuchangisha mtu akifiwa, ndiye anayempokea mgeni, ndiye mwenye ufunguo wa ukumbi. Sasa nikiingia, mazungumzo yanakatika. Jumamosi mbili nimekaa kwenye benchi peke yangu, nimeshika kikombe mpaka chai ikapoa, nikaondoka. Jana sikwenda. Nilibaki chumbani, nikapiga pasi mashati matatu ambayo hayakuwa na mikunjo. Upweke wa kutojulikana nilikuwa nimeuzoea. Huu wa kujulikana na kupewa kisogo unaniuma vibaya, dada, sikufichi.

Na lipo lingine. Ile picha yangu ya koti refu la kijivu, ambayo shemeji aliwazungushia watu wote kazini kwake. Koti halikuwa langu. Ni la mteja, lilikuwa linangoja kuchukuliwa, nikalivaa dakika tano nikasimama nje ya duka. Nilituma ili mama asiwe na wasiwasi. Sasa Mtaalamu anayo hiyo picha na anawaonyesha wazazi huko nyumbani, kwamba tazameni, huyu ni mmoja wa vijana wangu. Kiherehere mwenyewe ameniambia ndiyo iliyomvuta. Nimemchimbia shimo mpwa wangu kwa koti la kuazima, na hata kuazima sikuazima. Mwambie sijamkataza kuja. Akitaka kuja, tutatafuta jina kwenye ile orodha ya ukutani, atasoma kila mstari kabla ya kutia saini, na vyeti vyenyewe vitabaki kwenye kabati lako.

Sasa ombi langu. Baraza litakaa tarehe 4 Aprili. Mtaalamu ameshajitetea kwa maandishi kwamba yote yaliyomo kwenye fomu aliyapata kinywani mwangu, kwamba mimi ni mkiwa nisiye na ndugu, natafuta wa kumbebesha lawama. Mwanasheria naye hakunipaka mafuta. Nikithibitisha kwamba fomu ni ya uongo, uhamiaji wanaweza kunisamehe kwa kuwa nimejisema mwenyewe, na wanaweza vilevile kunirudisha, kwa sababu saini ni yangu. Nikinyamaza, huenda kibali kikatoka. Lakini nitakuwa naishi huku kwa kifo cha mama. Nimejaribu kulala na wazo hilo nikashindwa.

Kwa hiyo nahitaji barua mbili zilizogongwa muhuri huko. Moja yako, kueleza kwamba mimi ni mdogo wako wa tumbo moja. Nyingine ya mama, yenye saini yake. Mpishi anarudi tarehe 30, mpe mkononi, usimpitishie mtu.

Nilipoanza kuandika nilitaka mama asijue chochote. Nilipanga wewe uandike, yeye umwonyeshe tu mahali pa saini. Nikaliandika hilo kabisa, kisha nikaichana karatasi, maana niliona nataka kumfanyia mama kile kile nilichofanyiwa mimi: weka saini hapa, mengine niachie. Hapana. Fungua mlango, dada. Mwite mama, na Kiherehere aje asikie. Wasomee karatasi hii tangu juu, polepole, hata pale penye tarehe. Najua atanisema. Mwache aniseme mpaka achoke, nina hamu ya kusemwa na mtu anayenijua.

Nisalimie shemeji, yule mwenye kichwa. Msalimie mama mdogo, na fundi mzee aliyenifundisha kushika mkasi, mwambie mikono yangu haijasahau. Wabusu watoto wote. Mungu awafunike nyote kwa rehema zake, aupoze mguu wa mama, na anipe siku ya kukaa nanyi tena chumba kimoja, niwe mimi ninayesomewa barua za wengine.

Na mama akishamaliza kunisema, mpe kalamu. Asikuachie wewe uandike. Aandike kwa mkono wake, hata mistari ikipanda na kushuka, kwamba yupo, na kwamba mimi ni wake.

Nakupenda, dada. Ni mimi mdogo wako,

Fundi