Tofali la Prokip Harasym

Regina, 4 Aprili 2019

Kaka Nestor,

Hujambo? Goti linaendeleaje na hii baridi? Mimi mzima. Nakusalimu kwa sababu Mama alitulea kwa adabu. Salamu zimeisha, sasa nisikilize.

Nimepata barua ya kamati yenu ya makumbusho. Eti ukuta wa majina unakarabatiwa, na tofali la Baba, la Prokip Harasym, "halitapokelewa". Chini yake sahihi yako, mwenyekiti! Huna haya? Baba alichoma matofali ya kiwanda cha Harrow Bend miaka ishirini na minane. Kila aliyefikisha miaka ishirini kazini aliandika jina lake kwa msumari kwenye tofali bichi, likachomwa, likajengwa kwenye ule ukuta unaotazama reli. Lako limo. La Baba lilichomwa likarudishwa nyumbani. Mama alizuilia mlango kwalo mpaka alipokufa, na sasa liko jikoni kwangu. Nataka lijengwe kabla ya sherehe za Julai.

Mdogo wako,
Stefka

Harrow Bend, 19 Aprili 2019

Stefka,

Goti ni lilelile. Theluji imeyeyuka, matope kila mahali. Natumaini huko kwenu barabara zimekauka.

Wewe uliondoka ukiwa na miaka kumi na minane, ukawa unakuja kuzika tu. Unaujua mji huu? Shule imefungwa. Ghala la nafaka limebomolewa. Treni zinapiga honi na kupita. Tumebaki na baa, na duka la Wafilipino, na huo ukuta, ambako watu wanakuja kugusa majina ya baba zao. Unataka niwawekee msaliti hapo? Mwaka 1976 tuligoma, tukasimama langoni mwa kiwanda miezi mitano, watu mia mbili. Baba akapita katikati yetu na kopo lake la chakula, akaingia kumfanyia tajiri kazi. Wiebe, mwenzetu pale langoni, alifukuzwa baada ya mgomo, akaenda zake, hakuonekana tena. Mkewe ndiye anayewapikia chai wageni wa makumbusho kila Jumamosi. Nimwambie nini yule mama?

Tena ukuta umejaa, hakuna pengo hata la tofali moja. La kuvunda halina ubani. Liache lizuie mlango wako.

Kaka yako, utake usitake,
Nestor

Regina, 2 Mei 2019

Kaka,

Hujambo, sijambo, basi.

Umesema msaliti? Tanuri namba tatu liliwashwa siku mbili kabla ya mgomo. Ulifanya kazi pale, unajua kuwa moto ule unakwenda siku kumi. Ukiuacha njiani, tanuri linapoa ghafla, kuba lake la juu linapasuka, na hakuna kiwanda cha kurudia. Baba alikiomba chama cha wafanyakazi ruhusa, wakamcheka. Akaingia siku nane, akamaliza moto wake, akatoka, akakaa bila kazi miezi yote iliyobaki kama ninyi. Na mliposhinda, mlirudi kwenye tanuri lipi? Namba tatu! Lo, nyani haoni kundule.

Siku ile ya nane alipotoka langoni alipigwa jiwe. Jicho la kushoto halikuona tena. Kwa watu alisema ameanguka ngazini. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, nimekwenda kumpokea. Nilikuona, Nestor. Baba aliniapisha, nikanyamaza miaka arobaini na mitatu. Yeye hayupo, Mama hayupo, kiapo kimekwisha.

Tarehe moja Julai nakuja na tofali na ndoo ya saruji. Nitalijenga mwenyewe mbele ya watu, na atakayeuliza nitamweleza.

Stefka

Regina, 10 Juni 2019

Kaka Nestor,

Mzima wewe? Mwezi mzima kimya. Kama unadhani ukinyamaza sitakuja, hunijui. Saruji nimeshanunua.

Mdogo wako

Harrow Bend, 24 Juni 2019

Stefka,

Sijambo, ila silali vizuri. Natumaini wewe unalala.

Rudisha hiyo saruji dukani. Saruji ni ngumu mno, inapasua matofali ya zamani. Ukuta ule ni chokaa na mchanga. Binti wa mchoma matofali hajui hilo? Nitakuchanganyia mimi.

Jumamosi niliwaambia kamati yote, kuanzia moto wa siku kumi mpaka nilichokifanya langoni. Mama Wiebe aliweka birika chini akatoka, na tangu hapo hanisalimu. Uenyekiti wamenivua. Usidhani nimekusamehe kwa kunitisha, na wala sikuombi unisamehe.

Ila umekosea kitu kimoja. Halikuwa jiwe. Lilikuwa nusu tofali kutoka magae yaliyotolewa mdomoni mwa namba tatu siku ile na kutupwa karibu na lango, la moto wake mwenyewe. Lilikuwa bado na joto mkononi.

Njoo nalo. Safu ya nne kuna pengo la tofali moja, nimelichimbua jana kwa patasi. Langu liko hapa nyumbani, linazuia mlango.

Kaka yako,
Nestor