Uyoga Uliooshwa Mno

Alhamisi, mwezi wa Aprili, alasiri

Mvua haijakatika tangu adhana ya alfajiri. Bonde la Msimbazi limejaa maji, njia ya Mchafukoge ni tope tupu, na viatu vyangu vya ofisini viko mlangoni vinachuruzika. Nimekaa kibarazani hapa Kariakoo na daftari hili mapajani. Kwa hasira nilizo nazo leo, bora nizimwage humu kuliko kumtolea mtu.

Nimejikasirikia mwenyewe. Hilo niliandike kwanza, maana najijua, nikiendelea kidogo nitaanza kuwalaumu wengine.

Chanzo ni uyoga. Ndiyo, uyoga! Kila masika shangazi yangu, Bi Mwajuma, dada yake marehemu baba, hupanda gari moshi la asubuhi mpaka Pugu, akaingia msituni, akarudi na vikapu viwili vya uyoga wa kuuza sokoni. Wauzaji wenyewe huuita mkate, kwa kuwa kofia yake ni nene na rangi yake ni ya mkate uliokolea moto. Ukiugeuza chini huoni vile vikunjo vyembamba kama kurasa ambavyo uyoga mwingi unavyo. Unaona vitundu, vitundu vitupu, kama sifongo. Bwana Miti, Mwingereza wa misitu ninayemfanyia ukarani na kumchorea mimea, ameniambia kwamba jamii hii ya vitundu kwa Kilatini inaitwa Boletus, na kwamba ndani yake wamo wengi, wazuri na wabaya, kama watoto wa nyumba moja.

Baba alichukuliwa upagazi wakati wa vita na hakurudi. Shangazi ndiye aliyenilea, na uyoga ndio ulionisomesha. Kalamu hii ninayoishika imetoka kwenye kikapu chake.

Sasa, majuma mawili yaliyopita fundi cherahani mmoja wa Mchafukoge alikula uyoga ulionunuliwa sokoni akatapika kutwa nzima. Amepona, alhamdulillahi. Hakuununua kwa Shangazi, lakini Bwana Afya, yule anayekagua soko, hana habari na nani kauza nini. Akasema tangu Jumamosi hii uyoga wa aina yoyote usionekane sokoni Kariakoo.

Mimi najua fundi alikula nini. Nilikwenda kwake siku ile ile kumjulia hali, nikakuta mabaki mabichi jikoni. Mguu wa uyoga ule una nyuzinyuzi nyekundu zilizosukwa kama wavu, na nilipoukata, nyama yake iligeuka buluu kabla sijamaliza kupangusa kisu. Mkate wa Shangazi mguu wake ni wa manjano mtupu, hauna wavu. Jumapili nikautafuta ule mbaya mwenyewe, nikaung'oa mzima na udongo wake, nikauchora, nikauweka kwenye sanduku la ofisi.

Bwana Miti alinionya nisikimbilie kusema kila kinachogeuka buluu ni sumu. Iko aina inayogeuka na watu wanaila. Kwa hiyo hauangaliwi mguu peke yake. Unaangalia vitundu, unaangalia rangi ya vumbi linalodondoka kutoka humo ukiulaza juu ya karatasi nyeupe, na zaidi ya yote unaangalia umeota chini ya mti gani. Mkate hauoti ila chini ya mkongo. Ukichimba taratibu utaona nyuzi nyeupe zimevishika vizizi vya mti, mti unaulisha uyoga na uyoga unaulisha mti. Ndiyo maana mwaka ule Shangazi alipomwaga maganda nyuma ya nyumba akingoja yaote, hakikuota kitu. Hakuna mkongo Kariakoo.

Haya. Bwana Miti akamwomba Bwana Afya angoje mpaka leo adhuhuri. Atawekewa aina zote mbili mezani, nzima, tangu mzizi hadi kofia. Kama hata askari wa soko anaweza kuzitofautisha kwa macho, ipigwe marufuku ile mbaya tu.

Kazi yangu ilikuwa moja. Kupata mkate mmoja mzima, maana Jumapili nilirudi na ule mbaya tu.

Mimi siwezi kutoka ofisini, na Shangazi alikuwa anakwenda Pugu jana Jumatano. Kwa hiyo juzi nilimpitia, nikamwamkia, akaitika marahaba baba, nikamwambia, "Kesho niwekee mkate, Bwana wangu anautaka." Basi. Sikumwambia habari ya fundi. Sikumwambia habari ya marufuku. Nilijiambia simtii hofu bure, nitakuja kumpa habari jambo likiwa limekwisha, aniombee dua, anisifu. Kumbe nilikuwa naona haya kumwambia kwamba kitu kilichonilea kinaitwa sumu ofisini kwangu.

Na kwa watu wa kwetu, mkubwa akitaka chakula chako humpelekei na mchanga wake.

Leo adhuhuri mabwana wawili wamekaa mezani, mchoro wangu uko mbele yao, sanduku liko wazi. Mara namwona Shangazi mlangoni. Kaja mwenyewe! Kavaa kanga mpya ile ya Idi, miguu tope mpaka magotini, sinia kichwani limefunikwa kawa. Akasalimu, akatua sinia juu ya karatasi zangu, akafunua.

Mtume! Vipande vyeupe pe, vimemenywa, vimeoshwa kwa maji ya chumvi, vimepangwa duara, na ndimu iliyokatwa katikati. Hakuna ganda. Hakuna mguu. Hakuna kitundu hata kimoja.

Bwana Miti akauliza kwa Kiswahili chake cha kitabuni, "Bibi, vitundu viko wapi?"

"Nimevitoa, Bwana. Vina utelezi. Mimi nikuletee wewe utelezi?"

"Na mguu?"

"Mgumu, Bwana. Tena una mchanga."

Alisema hivyo kwa fahari. Mtu angedhani anaposa. Bwana Afya alicheka mpaka akavua miwani, kisha akasema kwa Kiingereza kwamba yeye kwa alichokiona, huo unaweza kuwa muhogo. Nami nilisimama pale nikiomba ardhi ipasuke, kwa sababu alisema kweli. Nimetumia siku nne kuchora mguu na vitundu, na ushahidi wangu umekuja tayari kwa sufuria.

Kisha Bwana Afya akaniambia niandike tangazo. Nani mwingine aandike? Mimi ndiye karani mwenye mwandiko. Nikakaa, nikachovya kalamu, nikaandika kwa Kiingereza na kwa Kiswahili kwamba uyoga wa kila aina umekatazwa sokoni. Akatia sahihi. Jumamosi asubuhi nikalipigilie misumari penye lango la soko.

Bwana Miti alipokuwa akitoka alisimama karibu nami kidogo, akasema kwamba mpaka Jumamosi, tangazo hilo ni karatasi tu iliyo mkobani mwangu. Akaenda zake.

Shangazi alikuwa kwenye baraza ya ofisi anangoja sinia lake.

"Wameupenda?"

"Wameupenda sana, Shangazi."

Nimemdanganya mwanamke aliyenilea, mchana kweupe, na mkoba wenye tangazo uko kwapani.

Sasa nimeandika yote haya na bado roho haijatulia. Majirani wameshaanza kuniambia Shangazi anatangaza mtaa mzima kwamba serikali imekula uyoga wake. Ama kweli! Na Jumamosi atakwenda sokoni na vikapu vyake, aukute msumari niliougonga mimi. Hapana. Nakwenda kwake sasa hivi, mvua na inyeshe.

Baada ya Maghrib

Nimerudi. Nimelowa chepechepe. Niandike kabla sijaanza kujipendelea.

Nilimkuta anapembua mchele. Nikampa karatasi. Shangazi hajui kusoma, lakini alifuta mikono, akaikunjua, akaisogeza kwenye taa.

"Huu mwandiko wako," akasema. Anaujua tangu enzi za kibao changu cha shule, alikuwa akikifuta mwenyewe kwa pindo la kanga.

"Wangu, Shangazi."

"Nisomee."

Nikamsomea mpaka sahihi. Nilipomaliza akaikunja ilivyokuwa, akanirudishia, akasema, "Mwandiko mzuri." Hilo tu. Heri angenipiga kofi.

Ndipo nikamwaga kila kitu, fundi, buluu, mkongo, muhogo wa Bwana Afya. Hapo akapandisha hasira. Lo! Sijamsikia hivyo tangu utotoni nilipotoroka chuo cha Kurani kwenda kuogelea.

"Siku zote hizo unajua umekaa kimya? Mficha uchi hazai, baba! Mimi najipamba, nakatiza mji mzima na sinia kichwani, kumbe napeleka kesi! Ungesema ni kesi, ningepeleka na mashahidi!"

Nilisema samahani, neno lenyewe likatoka dogo.

Kisha akauliza, "Huyo Bwana wako alitaka hiyo miguu na vitundu?"

"Na udongo wake."

"Si nimevimwaga jaani asubuhi."

Tukatoka mbio, yeye na taa, mimi na suruali ya ofisini. Kuku walikuwa wamekwisha kulala, lakini walikuwa na kutwa nzima ya kuchakura, na hawakuipoteza. Vitundu vyote vimeliwa au vimeyeyuka kwa mvua. Nilipekua maganda ya ndizi na majivu kwa vidole hivi hivi. Nikapata miguu mitatu. Mmoja bado umeshikilia nyuzi zake nyeupe na kipande cha kizizi cha mkongo.

Tuliiosha kidogo, kidogo tu, tukaileta kwenye taa. Imekatwa tangu alfajiri, imenyeshewa, imedonolewa. Yote mitatu ni ya manjano. Hakuna hata doa la buluu.

"Haugeuki," akasema Shangazi. "Miaka yote naukata, haujageuka hata siku moja. Ule mwingine tunaujua sote wa zamani, tunauruka, wanauokota hawa wageni wa msitu. Ungeniuliza ningekwambia."

Sikumuuliza. Nilimuuliza Bwana Miti, nilisoma vitabu vyake, nilimtazama fundi mgonjwa, nilichora siku nne. Aliyeujua uyoga huo nilimpelekea amri ya kuniwekea mmoja. Hilo ndilo linaloniuma kuliko tangazo.

Miguu mitatu ya jaani haitoshi, najua. Bwana Afya ataniambia muhogo mwingine huo. Kwa hiyo kesho tunapanda gari moshi la kwanza kwenda Pugu, sote wawili. Ruhusa sijaomba, na Bwana Miti akinikata siku, anikate. Mimi nitabeba jembe dogo, sanduku na karatasi nyeupe ya kudondoshea vumbi. Tutang'oa mzima na udongo na kizizi, turudi kabla ofisi haijafungwa, na safari hii sisemi mimi. Shangazi atasimama mezani aeleze mwenyewe, na mimi nitafasiri, neno kwa neno.

Nimemwomba jambo moja tu, kisu akiache nyumbani. Amesema atafikiri.