Nondo wa Msumari wa Kofia

Jumatano, 5 Juni 2024

Yupo tena. Nondo mdogo, hafiki punje ya mchele kwa urefu. Ametulia chini ya msumari ambao marehemu mume wangu, Zahoro, alikuwa akitundikia kofia yake. Nimechoka kutazama kuta, lakini mtu aliye edani atazame nini? Kila anayekuja kunipa pole anauliza yale yale. Naeleza. Alikwenda Ukunda kufuata mbao, akaanguka huko huko. La, hatukuagana, mimi nilikuwa nimeshatangulia shuleni.

Nimempiga picha nondo. Mabawa ya kijivu, mstari mweupe katikati, kichwa cha manjano utadhani kimepakwa bizari. Miaka yote nafundisha wadudu na huyu simjui! Picha nimemtumia Adnan, mwanafunzi wangu wa zamani. Siku hizi yuko Nairobi, kazi yake ni hao hao wadudu.

Ijumaa, 7 Juni

Mavyaa amemwona. Aliniletea uji — yeye mwenyewe hali, tangu tumzike mwanawe anaonja tu na kusukuma bakuli. Akasimama mbele ya msumari.

"Zahoro! Umekuja kututazama, baba?"

Nikamwambia, Mama, huyo ni mdudu tu. Akasema anajua ni mdudu, yeye si mjinga. Lakini mdudu gani aiache nyumba nzima achague msumari ule?

Akaketi, akanywa uji. Wote! Wifi yangu Sumaiya akaninong'oneza kwamba ustadh aitwe amkanye mamake. Nikasema mwacheni kwanza ale.

Jumapili, 9 Juni

Adnan amejibu. Ana furaha kama mtoto siku ya Idd. Anasema wako wawili wanaofanana. Mmoja yuko kila nyumba. Wa pili hajulikani sana, aliwahi kuonekana mara chache tu, zamani, kwenye misitu ya huku kwetu Kwale. Tofauti iko kwenye bawa la nyuma: la yule wa kawaida ni kijivu tupu, la mwenzake lina doa la rangi ya shaba. Nondo akitua, bawa hilo hufunikwa. Kwa hiyo picha haitoshi. Nimtie kwenye chupa, niiweke kwenye friza, afe, kisha nimtandaze mabawa.

"Mwalimu, tafadhali, asikupotee!"

Nimesoma mara mbili. Ni mara ya kwanza tangu msiba nimetaka kitu. Kitu chochote! Halafu nikamkumbuka mavyaa na bakuli lake, uchovu ukanirudia pale pale.

Jumanne, 11 Juni

Mvua. Sikumkamata. Nilimvizia aruke nione bawa, akaruka, sikuona kitu.

Mavyaa sasa anakula hapa mchana na jioni. Anamsimulia msumari habari za mjini — Twaiba kajifungua, mbuzi wa Swabir kakata kamba. Leo akaniuliza kama mimi sina la kumwambia mume wangu. Nikasema sina. Uongo. Ninayo mengi, ila mimi siwezi kusema na ukuta. Namwonea wivu mavyaa, haki ya Mungu.

Alhamisi, 13 Juni

Nimemkamata. Chupa ya jemu, kifuniko, basi — hata hakukimbia. Adnan aliniambia nondo hawa hawaishi sana. Nikajiambia, atakufa tu, afadhali afe ana jina. Nikaenda jikoni mpaka kwenye friji. Nikashika mlango. Sikufungua. Nimerudi nimekaa kitandani, chupa pajani.

Anajipigapiga kwenye kioo. Mabawa yanafunguka — kijivu? Shaba? Na mawingu haya sioni vizuri.

Hodi! Mavyaa. Nimeifunika chupa kwa kanga, nikajitia kuandika. Amekuja na sahani mbili za wali. Amekwenda moja kwa moja kwenye msumari. Ametazama juu, chini, nyuma ya mlango.

"Katoka?"

"Katoka, Mama."

Ameketi. Sahani yake ameifunika tena kwa kawa, ameisukuma. Naandika, sithubutu kuinua uso. Ananitazama mimi sasa.

"Alikuaga, mwanangu?"

Mkono wa kushoto uko chini ya kanga, juu ya kifuniko, nahisi nondo anavyogonga.