Pikipiki ya Mama Mkwe

Migori, Jumamosi, mwisho wa Agosti 1994

Asubuhi jua lilichomoza na hasira zake, saa nane mvua ikapiga mabati mpaka tukawa hatusikizani ndani, na sasa kumetulia. Saa kumi na mbili inakaribia. Mikono yangu inanuka petroli hata baada ya kuiosha mara tatu. Chakula kiko mezani na nimekiacha kwanza niandike, maana nikisimulia kwa mdomo nitapayuka, na Atieno mke wangu ameshachoka kunisikiliza.

Nianze na aibu yangu.

Aprili tulienda Homa Bay kwa akina Atieno. Shemeji yangu Ouma, kakake Atieno, alikuwa akisafisha stoo ya nyumbani ili afuge kuku wa gredi. Katikati ya magunia na majembe yaliyovunjika akaburuta pikipiki ya Kijapani, ya miaka ya sabini mwanzoni. Tangi jekundu limeliwa na kutu, kiti kimetafunwa na panya. Akasema mnunuzi wa vyuma chakavu anapita wiki hiyo, ataibeba. Mama mkwe wangu, Mama Rosalia, alikuwa ameketi mlangoni akichambua omena, dagaa wa ziwani. Aliacha tu kuchambua, akaitazama stoo.

Basi mdomo wangu huu, ambao marehemu mama alisema siku moja utaniponza, ukafunguka wenyewe: "Ouma, niachie hiyo. Mimi najua pikipiki."

Mimi! Mwalimu wa darasa la sita, mtu wa chaki. Baiskeli yangu ikichomoka mnyororo humpelekea fundi.

Ouma alicheka mpaka akashika ukuta. Akanipa masharti mbele ya watu wote: nikae nayo mpaka likizo ya Agosti iishe. Shule zikifunguliwa kabla haijanguruma, anakuja kuichukua na inaenda kwa mtu wa vyuma. Jumatatu shule zinafunguliwa. Yaani keshokutwa.

Watu hudhani pikipiki hii ilikuwa ya marehemu baba mkwe. Wapi! Mzee alikuwa akibebwa nyuma. Mwenyewe alikuwa Mama Rosalia. Alikuwa mkunga wa zahanati ya misheni, na wamisheni walipofunga mizigo yao kuondoka wakamwachia. Alitoka nayo Kendu Bay mpaka vijiji vya milimani, gauni jeupe, mkoba wa uzazi umefungwa nyuma kwa mpira wa tairi. Wazee walimzomea mwanzoni. Kisha wake zao wakashikwa na uchungu usiofuata ratiba, na wazee hao hao wakawa wanakaa kando ya njia kusikiliza kama anakuja. Pikipiki wakaipa jina Nyar Japan, binti wa Japani, vile sisi humwita mke kwa jina la kwao alikotoka. Mdogo wake Atieno alizaliwa saa chache tu baada ya mamake kushuka kwenye pikipiki hiyo, akitoka kumzalisha mwanamke mwingine. Nani leo ana moyo huo?

Shida ni kwamba mtu mmoja tu anayeijua pikipiki hii kindani ni yeye, na yeye ni mama mkwe wangu. Kwetu Wajaluo mtu na mama mkwe wake wana mpaka. Tunasalimiana, ndiyo, lakini kwa mbali na macho chini. Mkono hatupeani, kiti kimoja hatukalii, na mambo ya kuinama pamoja juu ya injini, bega kwa bega, yawa, hayo hata usiyawaze. Kwangu hapa hajawahi kuingia kwa sababu hatujamleta rasmi kuona boma, kwa sherehe na akina mama wenzake. Ni miaka minne sasa, na kosa ni langu. Kila mwaka nasema nimalizie nyumba kwanza.

Kwa hiyo mafundisho yalipitia kwa Atieno. Mei aliporudi kutoka kwao alileta ujumbe: loweka tangi kwa maji ya ukwaju siku tatu, kisha tia kokoto za ziwani, tikisa. Nilicheka. Ukwaju ni wa uji! Lakini nilifanya. Siku ya nne yakatoka maji meusi ti, na nilipochungulia ndani chuma kilikuwa kinametameta. Siku hiyo nilianza kumheshimu mama huyu kwa namna nyingine kabisa, siyo ile heshima ya kuinamisha macho tu.

Ila mimi ni mwanamume na nina kichwa ngumu. Nikaona haiwezekani kila kitu niulize mama mkwe. Nikampelekea pikipiki Fundi Okeyo, bingwa wa injini za mashua pale Homa Bay. Mashua zote zinazokwenda kisiwani Takawiri zimepita mikononi mwake. Alinisaidia kweli, sitamsema vibaya. Pistoni iliyoganda aliitoa kwa mafuta ya taa na subira. Akanifundisha kuchanganya oili na petroli ndani ya tangi kama wanavyofanya ziwani. Nikamwambia kuna tangi dogo la oili hapa pembeni. Akasema jaza hilo pia, pampu kuukuu haiaminiki.

Nikajaza kotekote.

Tangu hapo ni wiki tatu za mateso. Inawaka, inakohoa, inatoa moshi mweupe mpaka majirani wanaanua nguo, kisha inakufa. Nachomoa plagi, imelowa oili nyeusi. Nasafisha, narudisha, inakufa tena. Alhamisi niliipiga teke. Ijumaa nilimwambia Atieno nimeshindwa, Ouma aje tu. Alinitazama vile mamake aliitazama ile stoo, na nikatamani angenitukana.

Kumbe mwenzangu ana mipango yake. Leo kulikuwa na mkutano wa akina mama wa kanisa hapa Migori na Mama Rosalia alikuja kwa ajili hiyo. Saa nne Atieno akaniambia nisimame karibu na pikipiki, nisitoke uani. Nikaona mwavuli mweusi ukipita juu ya ua wetu wa miti ya ojuok, ukasimama karibu na lango. Mtu mwenyewe sikumwona. Kizingiti hakuvuka.

"Mama anasema uwashe," Atieno akasema.

Nilipiga kiki mara tisa. Ya kumi ikawaka, ikajaza boma moshi, ikatapatapa, ikazima. Jasho lilinitoka kama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni.

Atieno akatoka, akarudi. "Mama anauliza, unawasha pikipiki au unakaanga mandazi?"

Najua kabisa mama mkwe hakusema hivyo. Hilo la mandazi Atieno alilitia njiani.

"Na anauliza oili umeweka wapi."

"Mwambie nimechanganya na petroli, kama Okeyo alivyonifundisha."

Akaenda, akarudi. "Na ile tangi ndogo?"

"Hiyo pia nimejaza."

Akaenda. Mara sauti ikapanda nyuma ya ua, ikimwambia Atieno lakini ikinilenga mimi: "Atieno! Mwambie mwalimu hiyo si mashua ya Takawiri! Ina pampu yake ya oili. Anainywesha mara mbili, itakosaje kutapika?"

Ala! Wiki tatu! Nilitaka ardhi inimeze na chaki zangu. Mkunga mstaafu, nyuma ya ua, bila kuona hata skrubu moja, kwa harufu na mlio tu.

Nilifanya alivyoagiza, neno kwa neno. Nikamwaga tangi lote, nikatia petroli safi isiyochanganywa na kitu. Plagi nikaiweka juu ya makaa ya jiko mpaka oili ikaungua, nikaisugua kwa brashi ya waya. Nikapiga kiki bila plagi mara nyingi, injini iteme ilichokunywa. Nikarudisha. Kiki ya kwanza, kimya. Ya pili ikashika.

Ikashika, jameni! Moshi ulitoka mzito, ukapungua, ukapungua, mpaka nikaona tena kamba ya nguo na choo kule nyuma. Mlio ukawa mwembamba, safi, wa haraka. Nilikuwa nikilia na sikujua.

Ule mwavuli ulishuka. Ulifungwa polepole, ukatoweka nyuma ya ua. Atieno akaja, safari hii hakuongeza mandazi. "Mama anasema uitoe barabarani, uiache ikinguruma, halafu uingie ndani ufunge mlango."

Nilielewa. Mwanamke akipanda pikipiki ile lazima apandishe sketi, na magoti ya mama mkwe si ya kuonwa na mkwe. Mama Rosalia alipita njia ya kando akajificha kwa jirani mpaka nikaitoa, nikaisimamisha, nikarudi ndani macho chini. Nikafunga mlango wa jikoni.

Dirisha la jikoni linatazama barabara. Pazia lilikuwa hatua mbili kutoka nilipo. Nakiri hapa kwa kuwa hakuna mwingine wa kumkiria: nilipiga hatua moja. Kisha nikageukia ukuta.

Nikasikia klachi ikibanwa, gia ya kwanza ikiingia bila kugonga. Mimi huigongesha kila mara. Ya pili. Watoto wakapiga kelele, wanawake wa kinu cha kusagia wakapiga vigelegele, mtu akaita jina la Mungu. Ya tatu. Mlio ukaenda, ukaenda, ukawa kama wa nyuki, ukaisha. Nikangoja urudi. Nikahesabu moyoni ni wapi angegeuzia, labda pale darajani.

Haukurudi.

Nilipofungua mlango Atieno alikuwa amesimama uani na mwavuli wa mamake na mkoba wa Biblia. "Ameenda," akasema.

"Ameenda wapi?"

"Nyumbani."

Homa Bay! Kwa breki ya mbele niliyoifunga kwa kipande cha waya cha kubahatisha, nikisema nitatengeneza wiki ijayo! Sijui nilivyoupitisha mchana huu. Mvua ilipoanza nilikaa mlangoni nikiona kila kona kutoka hapa mpaka Rongo na matope yake. Nilimwambia Mungu kwamba nikihurumiwa hii moja, sitasema tena najua kitu nisichokijua. Atieno alikuwa akikaanga vitunguu na kuimba. Hana wasiwasi hata kidogo, na hilo lilinikera zaidi. Nikamuuliza anawezaje. Akasema, "Wewe unamjua tangu unioe. Mimi namjua."

Saa kumi na moja jirani yetu Mama Beldina, anayeleta samaki kutoka Homa Bay, alishuka na karai lake akicheka kabla hajafika langoni. Alimpata mama mkwe sokoni kule, mzima, vumbi mpaka kwenye nyusi, amezungukwa na watu kama mgombea wa kura. Mvua ilimkuta ameshafika. Kulikuwa na ujumbe wa kuniletea: breki ya mbele inavuta upande, niende niirekebishe. Na nijue kwamba Ouma ndiye aliyemfungulia lango.

Nimeuliza hilo la Ouma alilisema vipi. Mama Beldina anasema alilisema mara tatu, kila mara kwa sauti zaidi.

Desemba nitamleta rasmi, nyumba iwe imeisha au haijaisha. Hilo nimelikata leo na Atieno ni shahidi.

Lakini kitu kimoja kinaniuma na sitadanganya. Watu wa kinu wamemwona, watoto wamemwona, walevi wamemwona, Rongo nzima imemwona. Katika Migori yote mimi peke yangu, niliyeisugua kila skrubu miezi minne, ndiye sikumwona. Basi kesho kanisani kila mtu atataka kunisimulia. Nitakaa hapo nje baada ya ibada, nisiwakatize, na atakayemaliza nitamwomba aanze tena.