Kifuko Kilichongoja Hodi

Kwa Dada mkubwa, fundi wa cherehani na mvuta masikio yangu,

Shikamoo. Goti lako vipi, bado linatabiri mvua kuliko redio? Huku tu wazima, ila jino langu la mbele limeniaga. Kwa sura hata hivyo bado nakushinda.

Keti kwanza, uvae miwani. Unajua binti yako, niliyekuzalia mimi, alishika mimba mara tatu, na mara tatu ikatoka, kila mara ukiwa umeshashona nguo za mtoto. Ukazikunja, ukazifungia sandukuni. Basi mume wake alimpeleka kwa daktari mmoja mwanamke, nami nikajipakia garini bila kualikwa.

Daktari yule ana subira. Mimi wa darasa la nne nilimwuliza maswali mpaka mkwe akanikanyaga mguu. Akaeleza kwamba yai likishatoka, kile kifuko lilimokuwa hakitupwi. Kinageuka cha manjano, kinatoa homoni ya kutandika kitanda tumboni, kisha kinangoja. Mimba ikifika, nayo haijatimia hata punje ya mtama, inatuma homoni yake, kama mgeni anayepiga hodi. Kifuko kikisikia, kinaendelea na kazi mpaka kondo la nyuma likomae, lipokee zamu. Kisiposikia, kinanyauka na kitanda kinakunjwa. Akasema mengi ya hayo waliyajua kwa kuwachunguza nyani, maana majike yao yana mpango kama wetu. Nikamwambia sina shaka, nimeshawaona ndugu za mkwe wangu. Nikakanyagwa tena.

Cha binti yetu, alisema, kilikuwa kivivu: hodi inapigwa, chenyewe kinaitikia kwa kunong'ona. Mimba ya nne ilipoingia akampa vidonge vya homoni ileile, visaidiane nacho.

Kilichotutesa ni siku ya kuviacha. Daktari alisema kondo limeshapokea zamu, lakini binti aligoma kushuka kitandani, akiogopa mtoto ataanguka kama sahani. Mume wake alibembeleza akachoka. Mimi nikakaa mlangoni nikamsimulia habari zako: mama yetu alipofariki ukanichukua, ukanilisha kwa cherehani, ukanipeleka shule niliyoitoroka, na siku niliyooa ukamkabidhi mke wangu funguo za nyumba, ukaondoka kimya kama uliyekuja kuazima chumvi. Nikamwambia aone, zamu ilibadilishwa na nyumba haikuanguka. Akacheka. Akashusha mguu mmoja, akasikiliza, akashusha na wa pili.

Asante, Dada. Nilikuwa sijui kazi uliyonifanyia inaitwaje, mpaka nilipofundishwa habari za kifuko.

Sasa nikiri. Haya yote nilikuficha kusudi. Zile barua za kuku na paa linalovuja zilikuwa za kukuzuga, maana sikutaka cherehani yako ihangaike bure mara nyingine. Masikio ninayo, utayavuta ukija. Jana mchana binti yako alijifungua mtoto wa kike, mzima, mwenye sauti ya mwenye nyumba anayedai kodi. Nesi alimfunga taulo la hospitali. Mama yake akalitazama lile taulo, akaniambia, "Baba, mwandikie shangazi afungue sanduku."

Kwa hiyo usijifanye umemaliza kazi ukaanza kunyauka. Njoo. Mkwe na ndugu zake wanakusalimu; hao ndugu hawajui nilivyowasema. Mke wangu naye anakusalimu sana. Anasema funguo bado anazo, na chumba chako ameshakifagia.

Mdogo wako mtiifu (usicheke),
Kibogoyo